Mpunga Wangu, Kigoda cha Baba

Juni 9

Bibhuti amepiga simu kuniambia kwamba mwaka huu kigoda cha Baba atakikalia yeye.

Hakuuliza. Alinitangazia tu. Mwaka wa msiba wa Baba umekwisha, Nuakhai iliyopita, sikukuu yetu ya mchele mpya, hatukuisherehekea, kwa hiyo mwaka huu sikukuu inarudi nyumbani. Mdogo wangu atakuja kutoka mjini Bhubaneswar na mke na binti na gari, aingie chumba cha ndani, akae mbele ya miungu na wazee waliotangulia, na awagawie watu mchele mpya. "Wewe usijisumbue na lolote, Dada," akasema. "Hakikisha tu mpunga umeiva."

Hakikisha tu! Mpunga wa shamba la juu nimemaliza kuusia leo asubuhi, na mgongo unaniuma hata kushika kalamu ni kazi. Ni mbegu ile ya haraka, ambayo Baba alikuwa akiipanda kwa ajili ya siku hiyo moja, maana mpunga wa bondeni haukomai kabla ya baridi. Anadhani unaiva kwa kuambiwa.

Naandika kwenye shajara ya benki aliyoniachia Ipi, binti yake Bibhuti. Mama husikia anachotaka kusikia, na mimi lazima nimwambie mtu.

Juni 10

Jana nilikuwa na hasira, sikueleza vizuri. Leo bado ninayo, lakini nitaeleza.

Mimi Ketaki ndiye mtoto mkubwa, na Mama hana tena nguvu za kugawa. Bibhuti nilimbeba mgongoni. Desturi yetu iko wazi: mkubwa wa nyumba ndiye anayegawa mchele mpya siku ya Nuakhai, na wadogo wanainama miguuni pake. Lakini mimi niliolewa, na binti akishaolewa miungu yake ni ya kwa mumewe. Chumba cha ndani cha baba yake haingii tena. Mume wangu akaongeza mke mwingine, nikafunga virago nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo kila Nuakhai nimekula barazani, wenzangu wakiwa ndani. Miungu ya kwa mume haikunifuata, ya kwa baba haikunipokea. Sijui wanafikiri mtu kama mimi anaabudu nini. Nguzo za umeme, labda.

Baba alipokuwa hai nilivumilia, maana alikuwa Baba. Bibhuti mimi nilimfuta kamasi.

Juni 11

Mvua. Nzuri, ya taratibu.

Juni 15

Nimemwambia Mama habari ya kigoda. Alikuwa akitafuna tambuu yake.

"Ndivyo ilivyo," akasema.

"Ndivyo ilivyo nini, Mama?"

"Ndivyo ilivyo, mwanangu."

Akatema, akaomba maji. Miaka yote hii nimempikia, nimemwogesha, nimempaka mafuta magotini, na mwanawe wa simu akitamka neno moja tu, ndivyo ilivyo.

Juni 22

Umeota. Mstari kwa mstari, bila pengo.

Julai 4

Hakuna mvua.

Julai 5

Hakuna mvua.

Julai 8

Hakuna mvua. Bibhuti amepiga. Anataka nyumba ipakwe rangi mbele, rangi ya chungwa, kwa sababu huenda wenzake wa ofisini wakapita. Aliniuliza kama fundi yupo. Aliniuliza kama mlango wa choo unafunga. Habari ya mvua hakuuliza.

Julai 12

Nimeazima pampu nikanywesha nusu ya shamba kutoka bwawani. Nusu nyingine naitazama tu.

Nikiwa pale akatokea Khageswar, mtoto wa baba mdogo, ambaye shamba lake limepakana na letu. Kila msimu wa kulima plau yake hukwangua tuta la mpakani, kidogo kidogo, kwa adabu. Baba aliacha kusema naye kwa sababu ya tuta hilo hadi anakufa.

"Dada Ketaki," akasema, meno nje, "nasikia Bibhu anakuja kukaa kitini. Afadhali. Nyumba bila mwanamume haipendezi."

"Nyumba bila mwanamume imekunyima usingizi, Khagu. Tuta langu liko wapi?"

"Ah, Dada nawe! Mvua ndiyo inayolikula."

"Mvua gani? Ilete tuione."

Akaondoka akicheka. Nilibaki nimesimama, mguu ndani ya tope, na pampu ikazima.

Julai 19

Mvua! Mvua, mvua, mvua. Nimesimama uani nikalowa kama kichaa, Mama ananiita ndani, sikuenda.

Julai 27

Kupalilia. Mikono imechanika.

Julai 28

Kupalilia.

Agosti 6

Suke la kwanza limechomoza leo, upande wa bwawa. Nililishika na sikumwambia mtu, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha yangu. Simu ikalia.

"Dada, nimefikiria," akasema Bibhuti. "Kama mpunga wetu hautawahi, usihangaike. Sokoni siku hizi wanauza masuke mapya, matano matano, yamefungwa na uzi. Wengi wanafanya hivyo. Miungu haiulizi risiti."

Akacheka mwenyewe. Mimi sikucheka. Nikamwambia Baba hakuwahi kuwalisha wazee mpunga wa kununua.

"Sawa, sawa, usipandishe. Na jambo lingine. Masuke ya kwanza nitayakata mimi. Lazima uwe mkono wa ukoo."

"Na mkono wangu ni wa nani?"

"Wewe nawe, Dada! Kwani mila nimeitunga mimi?"

Hakuitunga yeye, kweli. Lakini sijawahi kuona mtu anayekaa vizuri ndani ya kitu ambacho hakukitunga kama yeye. Mkono wangu si wa ukoo siku ya kukata. Siku ya kusia ulikuwa wa ukoo, na siku ya kupalilia, na siku ya kumvua Mama nguo na kumpeleka chooni ni wa ukoo kabisa.

Agosti 14

Kasuku. Nimeshinda shambani nikipiga debe. Sauti imenikauka, na hilo limemfurahisha Mama.

Agosti 19

Hekalu limetangaza saa njema ya kula. Ni asubuhi, kabla jua halijapanda sana, na kila mtu ageukie mashariki. Kijiji kizima kimeanza kusafisha. Nimepaka sakafu samadi, baraza, jiko na ua. Chumba cha ndani sikukipaka, siruhusiwi. Atakipaka wifi yangu Sanghamitra akifika, maana yeye ameolewa hapa. Yeye aliyezaliwa mji mwingine kabisa, na kucha zake za rangi, anaingia. Mimi niliyezaliwa nyuma ya ukuta uleule nakabidhi ndoo mlangoni.

Mpunga unaanza kuwa wa dhahabu. Nimemwambia Mama tutawahi. Amesema, "Naujua mkono wako." Kisha akalala. Sijui kama alikuwa ananisifu au anataka tu ninyamaze.

Agosti 25

Wamefika. Gari limeziba njia ya ng'ombe. Bibhuti amenenepa, ana miwani mipya, amemwinamia Mama, na mimi akanipiga bega. Bega! Nilikuwa nimeshaweka miguu sawasawa kwa ajili ya salamu yake, nikabaki nimesimama kama mtu aliyeachwa na basi. "Dada, umekonda," akasema. "Unakula kweli?"

Wameleta nguo mpya kwa wote. Yangu ni sari ya kijivu. Ya wifi ni nyekundu na mistari myeusi, kazi ya wafumaji wetu wa Bargarh, nzuri sana. Kwamba mwanamke aliyeachika avae kijivu, hiyo nayo hakuitunga mtu.

Agosti 26

Leo nimekosea kuhusu mtu mmoja. Nimekuwa nikimwita wifi yangu Bibi Lifti, kwa ajili ya ghorofa lao la mjini, moyoni, na mara mbili mdomoni. Tulikuwa jikoni tunakaanga arsa. Mimi nakanda unga wa mchele na sukari guru, yeye anageuza kwenye mafuta, na kwa kweli anageuza vizuri. Alikuwa ametoka kupaka chumba cha ndani, samadi bado iko chini ya zile kucha.

"Wifi," akasema bila kunitazama, "mimi siku zangu ndani ya nyumba hii kwa mwaka hazizidi tatu. Nikiingia mle chumbani huwa naona haya. Najiuliza wale wazee wananijua mimi ni nani."

"Wanakujua. Wewe ni mke wa Bibhu."

"Basi hawanijui mimi. Wanamjua Bibhu." Akaitoa arsa, akaipuliza, akaiweka kando. "Nilimwambia kule nyumbani, mwache Dada agawe. Akaniambia nisimletee mambo ya mjini."

"Mambo ya mjini!"

"Ndivyo alivyosema. Mtu anayeagiza maandazi ya Nuakhai kwa simu."

Tulicheka hadi mafuta yakataka kuungua. Baadaye nikiwa peke yangu nikakasirika upya, maana kumbe aliambiwa. Kumbe lilifikiriwa kabisa, akaletewa neno sahihi mezani, akalitupa.

Agosti 27

Nimeona kitu leo na sijui nikifanye nini.

Asubuhi tulikwenda shamba la juu kukata masuke ya kwanza. Bibhuti amevaa kitambaa cheupe cha hariri na kilemba, mguu mtupu, anaruka vijiwe. Ipi ana simu, anampiga picha za kutembea. Mundu nilikuwa nao mimi, nikamkabidhi kama karani anavyomkabidhi waziri mkasi.

"Upande huu, Baba. Shika masuke. Tabasamu," Ipi anasema.

Bibhuti akashika masuke. Akataka kumwonyesha binti yake kwamba yeye naye ni mtoto wa mkulima. "Unaona," akasema, "mjini hamjui haya. Mpunga unapimwa hivi." Akachuma punje, akaitia kinywani, akaiuma kwa meno ya mbele. Ikalia. "Imekaza! Si maziwa tena. Imeiva kabisa." Akatafuna. Akakata masuke, akayabeba kichwani, tukarudi.

Kila mkulima hupima punje kwa jino. Mimi hupima hivyo mpunga wa bondeni kila mwaka. Lakini mpunga mpya, kabla ya Nuakhai, kabla miungu haijala! Hata watoto wa hapa wanajua. Tunapima kwa ukucha. Tunaibonyeza. Ndiyo maana kwa majuma yote haya nimepita katikati ya mpunga huu mdomo nimeufunga, hata kupiga miayo nilikuwa nageuka. Aliyetangulia kula hawezi kuwalisha wazee, wazee watakula makombo yake. Baba aliwahi kumtoa mjomba wake mwenyewe kwenye mkeka kwa punje mbili.

Ipi hajui. Bibhuti amesahau kabisa kwamba amefanya jambo. Ni mimi tu.

Nikisema, nitaambiwa nini? Nitaambiwa Ketaki ana kijicho. Ketaki anataka kigoda, sasa ametunga hadithi ya punje. Atakana, na Mama atasema ndivyo ilivyo. Nikinyamaza, Baba kesho ataletewa makombo, kwa mpunga niliousia mimi. Nimetwanga mchele huo mchana kutwa na kila pigo la mche lilikuwa linaniuliza swali hilohilo.

Nimeamua kunyamaza. Najichukia kwa uamuzi huu. Hata kosa likiwa lake, aibu imenirudia mimi.

Agosti 29

Jana sikuandika. Nitaandika yote sasa, kabla hawajaanza kuyasimulia vingine.

Asubuhi ya Nuakhai tulikuwa tumeoga wote. Mchele mpya, uliopondwa na kuchanganywa na maziwa, samli na sukari guru, ulikuwa kwenye ungo jikoni, pamoja na majani ya mti wa kure ya kugawia. Bibhuti alikuwa anafunga kitambaa chake mbele ya kioo cha gari. Khageswar naye alikuwa amekwisha kufika, nywele zinang'aa mafuta, amekaa ukumbini kama yeye ndiye ukoo. Mama alikuwa kwenye mkeka wake karibu na mlango wa chumba cha ndani, na Ipi alikaa naye amwonyeshe picha kupitisha muda.

"Bibi, tazama Baba anavuna."

Mama akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaisogeza puani. Macho yake hayaoni sindano, lakini simu ya Ipi ni kubwa. Nilikuwa mlangoni mwa jiko, nikasikia sauti ya Bibhuti ndani ya simu: unaona, mjini hamjui haya.

"Anatafuna nini?" Mama akauliza.

"Anapima mpunga, Bibi. Tazama tena." Ipi akairudisha nyuma. Imekaza! ikasema simu. Si maziwa tena.

"Bibhu!" Mama akaita. Sijamsikia akiita kwa sauti ile tangu tukiwa watoto tukiiba maembe ya chumvi. "Bibhu, njoo hapa! Jana ulikula nini shambani?"

Akaja anacheka. Akatazama simu. Kicheko kikamtoka taratibu, kuanzia machoni.

"Nilionja tu, Mama. Sikumeza."

"Umesema imekaza. Umeijuaje?"

"Nilitema!"

"Hukutema, Baba," akasema Ipi, maskini, akidhani anasaidia. "Ona, hapa unameza kabisa."

Bibhuti akanigeukia mimi. "Dada, wewe ulikuwepo! Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo moto uliponiwaka. "Ungeniamini?"

Akaangalia saa.

"Nakuuliza, Bibhu. Ungeniamini, au ungesema nataka kigoda?"

"Dada, sasa si wakati wa..."

"Kwako lini ni wakati? Juni hukuwa na wakati. Julai jua likiunguza ulikuwa na wakati wa rangi ya chungwa!"

Akainua mikono. Muda unapita, akasema, tusigombane siku ya Nuakhai, watu hawagombani leo, tutafute njia. Akaipata mara moja, alikuwa anaitazama ikiwa imepaka mafuta nywele. "Khagu atakaa. Ni damu moja, hajagusa mpunga mpya. Khagu, uko tayari?"

Khageswar alikuwa tayari tangu azaliwe. Akasimama, akarekebisha nguo yake. "Kama familia inanihitaji," akasema.

Wangemkalisha mwizi wa tuta. Wangemweka mbele ya picha ya Baba mtu ambaye Baba alikufa hasemi naye, aushike mpunga wangu, aniletee mimi barazani jani langu kwa mkono uleule unaokwangua shamba langu, na nimshukuru. Mtu yeyote, ilimradi asiwe mimi. Wangeishiwa na wanaume, wangemkalisha ng'ombe dume.

Nikaingia jikoni, nikaushika ungo, nikakaa nao kizingitini na kuuweka mapajani.

"Mchele huu hautoki hapa."

"Dada!"

"Nimesema hautoki. Masuke ya sokoni yapo, matano matano, na uzi. Nenda kanunue. Miungu haiulizi risiti."

"Dada Ketaki, acha utoto," akasema Khageswar. "Saa njema inapita, kijiji kizima kitatucheka."

"Kikucheke wewe kwanza, kinajua pa kuanzia."

Sanghamitra alitoka chumba cha ndani alikokuwa anawasha taa, sari yake nyekundu imefungwa kiunoni, akaja akakaa chini kizingitini karibu nami, bega kwa bega. Bibhuti akamtazama mkewe kana kwamba paa limehama. "Sangha, mpishe Dada alete ungo." Hakuondoka. Akajisogeza hata nafasi ya kupita ikaisha.

Basi Mama akaanza kusimama. Mama kusimama ni kazi ya watu wawili, na safari hii alimsukuma Ipi mkono, akajishikilia ukutani, akajiinua mwenyewe.

"Nani mkubwa ndani ya nyumba hii?" akauliza.

"Wewe, Mama," Bibhuti akasema.

"Mkubwa asipokula, kuna anayekula?"

"Hakuna, Mama."

"Mimi sili kwa mkono wa Khagu. Sikula kwa mkono wake mume wangu akiwa hai, sitaanza leo. Na kwa mkono wako siwezi, umeuchafua mwenyewe." Akapumua. Nilimwona anatafuta ukuta tena kwa vidole. "Ketaki. Kanawe miguu."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilidhani ananifukuza jikoni.

"Kanawe miguu, mtoto wewe! Unaingia ndani na tope?"

Bibhuti akasema, "Mama, ameolewa, ana miungu ya..."

"Iko wapi? Niitie. Miaka yote nimekaa nikisema ndivyo ilivyo. Nimechoka kuwa mwongo. Nawa miguu, Ketaki."

Nikanawa. Maji alinimiminia Ipi, yakamwagika zaidi kwenye nguo yangu ya kijivu. Nikainama nikapita mlango ule mfupi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Chumba chenyewe ni kidogo kuliko nilivyokikumbuka! Hakitoshi kulaza watu wawili. Kuna taa moja ya samli, mawe matatu yaliyopakwa rangi nyekundu, picha ya Baba bado ina karatasi ya duka kwenye kona, kigoda, na utando wa buibui juu pembeni ambao Sanghamitra hakuuona. Basi. Nilisimama pale na badala ya kulia kwa furaha nilitaka kupiga kelele. Ni hiki? Hiki ndicho nilichofichwa miaka yote, kama vile kuna dhahabu? Nikautoa utando kwa mkono. Nikakaa.

Sijui maombi ya wanaume. Nilisema nilichokuwa nacho: huu ni mpunga wa shamba la juu, ulikosa maji Julai nikauazimia pampu, kuleni. Nikaweka chakula mbele ya miungu, nikaweka mbele ya Baba. Kisha nikamwita Mama.

Mama alinyoosha mikono nikamwekea jani lake. Akageukia mashariki, akala, akafumba macho. Na kwa vile mkubwa alikwisha kula, wote wakawa huru kula, na kwa vile wote walikuwa wanausubiri mkono wangu, walikuja mmoja mmoja. Sanghamitra. Ipi. Khageswar akaja pia, maana chakula cha Nuakhai hakikataliwi, na alipokea kwa mikono miwili kama anapokea kaa la moto. Bibhuti aliambiwa na Mama akasukutue mara saba kwanza. Alikuja wa mwisho. Mikono yake ni laini, nikaona. Nikampa jani. Alikula bila kunitazama.

Sasa zikabaki salamu. Baada ya kula, wadogo huwainamia wakubwa, hutamka juhar, hugusa miguu, na mkubwa hubariki. Kijiji kinazunguka nyumba kwa nyumba. Mchana wote walikuja watu uani kwetu. Habari ilikuwa imewafikia kabla arsa hazijapoa. Wengine waliinama kwa heshima, wengine kwa udaku, wote niliwabariki. Sanghamitra aliinama. Ipi aliinama na kupiga picha wakati uleule, sijui aliwezaje.

Bibhuti alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, ana simu ya ofisini. Siku ya Nuakhai hakuna ofisi inayopiga simu mchana kutwa. Nilikuwa namwona kutoka barazani, mdomo hautikisiki hata kidogo. Nikawa nakasirika kila nikiangalia. Ndio, nimepewa kigoda, lakini nimepewa na Mama. Yeye hakunipa kitu. Kama hatainama, basi mwakani yote yatarudi yalikokuwa, watasema ilikuwa ajali ya punje moja.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Sanghamitra alipokwenda kugonga kioo. Sikusikia alichosema. Kilikuwa kifupi.

Bibhuti akashuka. Akavuka ua. Watu waliokuwepo wakajitia kuongea. Akafika mbele yangu, akakunja kiuno kidogo, akapeleka mkono hewani kwenye usawa wa magoti yangu na kuurudisha kifuani, harakaharaka, kama wanavyofanya mjini.

"Juhar, Dada."

"Bibhu," nikasema, "miguu yangu iko chini zaidi ya hapo."

Mtu mmoja akakohoa. Bibhuti aliniinulia macho. Nilidhani atageuka aondoke, na nilikuwa nimeshajiandaa kumtukana mbele ya kijiji kizima, Nuakhai au si Nuakhai. Lakini alivua miwani. Akapiga magoti kwenye samadi niliyoipaka mwenyewe, kitambaa chake cheupe na yote, akashika miguu yangu kwa mikono miwili, akaweka kichwa.

"Juhar, Dada," akasema tena, kwa sauti ambayo si ya simu. Kisha, chinichini, ili watu wasisikie, "Lakini mwakani nitakaa mimi."

"Njoo Juni tusie pamoja, halafu tutaongea."

Nilimwekea mkono kichwani. Nywele zimepungua katikati, sikuwa nimeona. Sikuwa nimemsamehe, na leo asubuhi wakati naandika bado sijamsamehe. Lakini mkubwa lazima abariki, na baraka yetu ni moja, kumwombea mtu umri mrefu. Nikamwombea. Niliomba kwa moyo wangu wote, kuliko nilivyowahi kumwombea mtu: aishi miaka mingi, mingi sana, awe na afya na meno yote, na kila mwaka aje akae kwenye mkeka, anyooshe mikono, nimpe.